Karatasi na dari: nani anamshika nani?

Skrepa, kile kibapa cha kukwangulia, inaingia chini ya ukingo wa karatasi iliyobandikwa darini, karibu na duara la taa, na karatasi inaanza kuachia vizuri. Sentimita 10. Sentimita 20. Halafu inashuka ghafla, na mgongoni imebeba kipande cha lipu kipana kama sahani ya pilau. Kwenye kingo za kipande hicho zimechomoza nywele. Nywele kabisa, za mnyama. Na pale kilipotoka huoni zege wala bodi. Unaona fito nyembamba za mbao zimelala ubavu kwa ubavu, na giza katikati yake.

Ndivyo kazi inavyoharibika kwenye nyumba kongwe za Uingereza, zile za safu, zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ambazo wenzetu wengi waliohamia Leicester, Birmingham au London wamejikuta wakiishi ndani yake. Kila fundi atakwambia jambo lilelile: bandua karatasi kwanza, ndipo upige lipu upya.

Ushauri huo umenikaa kichwani kwa wiki kadhaa kama punje ya mchanga kwenye wali. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba unaruka swali moja.

Je, dari ilikuwa imeishika karatasi, au karatasi ilikuwa imeishika dari?

## Fito na ndimi

Aliyewahi kuona nyumba ya miti ikikandikwa hahitaji mchoro. Fito zinafungwa kwa kuachiana nafasi, udongo unasukumwa kwa kiganja, unapenya, unavimba upande wa pili, na ukishakauka hautoki. Dari ya kizamani ya Kiingereza ni akili hiyohiyo, ila imelazwa chali.

Vibanzi vya mbao vyenye upana wa milimita 25 hadi 30 vinapigiliwa misumari chini ya boriti, vikiachiana mwanya wa milimita 6 hadi 10. Kisha inapakwa lipu ya chokaa na mchanga iliyochanganywa na nywele za ng'ombe, mbuzi au farasi ili isipasuke. Lipu inapenya kwenye mianya, inajikunja juu ya fito kama ulimi, inakauka. Tabaka tatu, unene wa jumla milimita 20 na ushee.

Tofauti ni kwamba ukuta wa udongo umesimama kwa miguu yake, lakini dari inaning'inia. Kila kilo imeshikwa na zile ndimi. Na kilo si chache: mita moja ya mraba ya lipu ya namna hiyo hufika kilo 30 na zaidi. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina kama nusu tani juu ya kitanda.

Ndimi huvunjika. Fundi bomba anang'oa mbao za sakafu ya juu na kupiga magoti palepale. Tangi la maji linavuja usiku mmoja. Watoto wanaruka. Ulimi mmoja ukikatika hakuna anayejua, wala wa kumi. Zikishakatika nyingi mahali pamoja, lipu inaachana na fito na kubaki imejishikilia yenyewe kwa nywele zake, kwa kubanana na jirani zake, na kwa chochote kilichobandikwa chini yake.

## Bandeji

Karatasi ya darini haikuwekwa kwa urembo tu. Ziko za nakshi zilizoinuka, kama Anaglypta iliyosajiliwa hataza mwaka 1887. Ziko nyeupe tupu. Na iko ile inayochukiwa kuliko zote, yenye chembe za mbao, ambayo ukiitazama ni kama mtu amemwaga chenga za mchele kwenye gundi. Asili yake ni Ujerumani, kwa Hugo Erfurt aliyeibuni, mwaka 1864. Waingereza waliipenda mno miaka ya 1970 kwa sababu moja: inaficha nyufa, na roli moja ni rahisi kuliko siku moja ya fundi lipu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa karatasi.

Juu ya karatasi hiyo kila aliyehamia alipaka rangi yake. Baada ya tabaka sita au saba, karatasi na rangi huwa kitu kimoja, kigumu, kilichovutwa kutoka ukuta hadi ukuta kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Ngozi hiyo haiwezi kubeba nusu tani. Lakini haihitaji kuibeba. Kinachotakiwa ni kuzuia vipande vilivyoachia visigeuke na kuchomoka kimoja kimoja, na hilo inaliweza miaka mingi.

Kwa hiyo unapobandua unaondoa kizuizi cha mwisho. Tena unakiondoa ukiwa umesimama chini yake, ukiwa umeimwagia lipu maji.

## Kabla ya tone la kwanza

Gonga. Kwa kifundo cha kidole, kila sentimita 20, dari nzima. Lipu iliyoshika inajibu kwa sauti fupi, nzito. Iliyoachia inavuma, na debe tupu, kama tujuavyo, haliachi kuvuma. Zungushia penseli kila mahali panapovuma. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu ukishalowesha, sauti zote zinabadilika.

Kisha sukuma kwa kiganja kilichokunjuliwa. Pakibonyea na kurudi, lipu imeachana na fito. Nyoosha uzi kutoka ukuta hadi ukuta uone tumbo la dari: likishuka milimita 25 au zaidi kutoka kwenye uzi, usifikirie skrepa, fikiria jinsi ya kuishusha dari yote.

Kama juu kuna paa tu, panda na tochi. Ondoa sufi ya kuzuia baridi, fagia vumbi, tazama katikati ya boriti. Dari nzima inaonyesha safu za ndimi zimekaa kama meno. Dari mbovu inaonyesha makombo yamelala huru juu ya fito. Hakuna kipimo kingine kinachosema ukweli kama hiki, na ndicho wengi wanachokiruka kwa sababu darini kuna baridi na buibui.

Ukikuta ni bodi ya jipsamu (jasi) badala ya fito, hofu ya kuporomoka inapungua, lakini inakuja nyingine: uso wa bodi nao ni karatasi. Kama aliyetangulia alibandika bila kupaka kitangulizi (rangi ya kwanza), karatasi mbili hizo zimeshakuwa ndugu, na ukilowesha sana unachuna ngozi ya bodi yenyewe. Hapo ni bora kuacha tabaka la mwisho.

## Jambo moja la kusimamisha kazi

Nyumbani tunalijua neno asbesto kwa sababu ya mapaa ya shule na majengo ya serikali. Uingereza lilipanda pia darini, ndani ya ule uji mzito wa kutengenezea mawimbi na vilele, unaojulikana kwa jina la Artex. Hadi katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa ukichanganywa na asbesto nyeupe, na marufuku kamili ilikuja mwaka 1999. Baadaye watu waliochoka na mawimbi waliyabandikia karatasi.

Karatasi ikitoka na chini yake ukaona mapambo ya mduara au vilele kama vya keki, shuka. Usikwangue, usipige msasa. Lowesha kipande kidogo, kifunge kwenye mifuko miwili, kipelekwe maabara yenye kibali. Majibu hayachukui muda mrefu.

Rangi za zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi, hasa zilizopakwa kabla ya miaka ya 1960. Kwa hiyo msasa mkavu hauna kazi yoyote katika habari hii yote.

## Kubandua kwenyewe

Zima saketi ya taa kwenye boksi la fyuzi, hakikisha kwa kipimo, si kwa swichi. Legeza kifuniko cha duara la taa, funga nyaya kwa nailoni na utepe. Maji yatafuata waya huo kama yanaujua.

Ngazi haifai. Panga ubao mpana juu ya farasi wawili wa mbao, yaani miguu ya kuegemezea ubao, kwa kimo cha kuacha shubiri moja kati ya utosi na dari. Ukiwa chini zaidi unasukuma kwa mabega na utachoka kabla ya saa sita. Ukiwa juu zaidi unakwangua kwa kuinama na skrepa inachimba.

Skrepa iwe ya milimita 75 hadi 100. Ikiwa mpya, chukua tupa uizungushe pembe zake mbili. Mistari mingi inayoonekana kwenye dari iliyobanduliwa ni pembe kali za skrepa, si uzee.

Sasa tatizo lenyewe: rangi ni koti la mvua. Maji hayapiti. Kwa karatasi ya plastiki, inua kona na uvute ngozi ya juu ikiwa kavu. Mara nyingi inatoka shuka nzima na kuacha karatasi laini nyuma. Ile ya chenga haitoki hivyo. Itoboe kwa kifaa cha magurudumu yenye meno, kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza, unaitoboa chokaa pia, na vishimo hivyo vitakuja kuonekana kwenye lipu mpya.

Maji yawe ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, ndani ya bomba la kunyunyizia la lita 5. Tia tone la sabuni ya vyombo. Halafu tia kitu ambacho mafundi wengi hawakisemi: vijiko viwili vya unga wa gundi ileile ya kubandikia karatasi. Maji yanakuwa mazito kidogo, yanang'ang'ania dari badala ya kukimbilia kwenye kiwiko chako.

Chukua mraba wa mita 1 kwa 1. Nyunyiza, subiri dakika 5. Nyunyiza tena, subiri 10 hadi 15. Karatasi ikikolea giza na ukucha ukazama bila kukwama, iko tayari. Laza skrepa, karibu iguse dari kwa tumbo lake, usukume kwa mwendo mrefu.

Usiloweshe zaidi ya unachoweza kukwangua ndani ya nusu saa. Lipu ya chokaa inakunywa maji, na lita moja ya maji ni kilo moja inayoongezwa kwenye ndimi ambazo hujaziona.

Anza mahali palipojibu kwa sauti nzito. Jifunze karatasi hiyo inavyoachia. Zile duara za penseli zije mwisho, kiganja kimoja kikiegemea dari na kingine kikikwangua. Na kama mahali palipokuwa pazito asubuhi pameanza kuvuma mchana, acha. Pumzika mpaka kesho, dari ikauke, ugonge tena.

Takataka zikunjwe gundi ndani na ziingie mfukoni palepale. Zikilala sakafuni usiku mmoja utazibandua mara ya pili.

## Mvuke

Mashine ya mvuke inapendwa kwa sababu inafanya kazi. Ndilo tatizo lake.

Sahani ya mvuke ikikaa sekunde 10 hadi 15 inalegeza gundi. Ikikaa dakika inalegeza na tabaka la juu la lipu, linavimba kama chapati, na ukiligusa linakuja lote. Kwenye ukuta hiyo ni hasara ya viraka vichache. Darini inakuja na maji yanayochemka: matone hukusanyika ukingoni mwa sahani na kushuka ndani ya mkono wa shati. Simama pembeni, kamwe usisimame chini ya sahani, na vaa glavu ndefu zilizofungwa juu ya mkono wa shati. Kwa dari ya fito ningeiacha kabisa, isipokuwa kwenye vipande vikaidi vya pembeni.

## Kidole cheupe

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufa, na hufa kimya, miezi sita baada ya fundi kulipwa.

Karatasi imetoka yote, dari inaonekana safi. Lowesha kidole, sugua. Kikitoka na utelezi, hiyo ni gundi ya karatasi. Kikitoka kimejaa weupe kama cha mwalimu aliyefuta ubao, umekutana na rangi ya kale ya chaki iliyosagwa na gundi ya ngozi za wanyama. Waingereza waliipaka darini kila baada ya miaka michache kwa sababu ilikuwa rahisi na ilioshwa kirahisi. Aliyekuja na karatasi mara nyingi hakuiosha. Alibandika juu.

Rangi hiyo haikushika sana hata ilipokuwa mpya. Ni unga uliotulia. Ukipiga lipu juu yake, lipu itaushika unga barabara, na unga utaiachia chokaa.

Gundi inaondoka kwa maji ya moto, sponji na ndoo mbili, moja ya kusuuza. Badilisha maji yakianza kuwa kama uji. Chaki inataka zaidi: brashi ngumu, maji ya moto, kukwangua, kusuuza, kurudia, hadi kidole kitoke na rangi yake. Kwa mita 16 za mraba panga siku nzima, na shingo itakudai. Ikibaki kidogo kwenye vinyweleo vya lipu, iko rangi maalumu ya kushikiza unga. Ipakwe dari ikiwa kavu kabisa. Haitatibu tabaka zima la chaki. Anayekwambia itatibu anauza ndoo.

## Lipu mpya, kwa ufupi

Kama dari imejibu vizuri na kidole ni kisafi, kilichobaki ni kazi ya kawaida. Nyufa zipanuliwe, zizibwe, zibandikwe utepe wa wavu. Mahali palipolegea kidogo panaweza kurudishwa kwa skrubu na washa pana (pete bapa), zikiingia kwenye boriti na si kwenye fito. Kaza polepole mpaka lipu iguse fito, ukipitiliza inapasuka.

Tabaka la kwanza la gundi nyeupe ya PVA, sehemu 1 kwa maji sehemu 5, liachwe likauke. La pili lizito kidogo, 1 kwa 3 au 4, na lipu ipigwe gundi ikiwa bado inanata. Mfuko wa kilo 25 wa lipu laini ya jasi unafunika kama mita 10 za mraba kwa unene wa milimita 2, na unataka maji lita 11 na nusu. Unga ndio unaoingia kwenye maji, si maji kwenye unga. Ndoo iwe safi: mabaki ya lipu iliyoganda yanaharakisha mpya kuganda, na darini huna dakika za kupoteza.

Kama nyumba imewekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, uliza kwanza halmashauri. Huko mara nyingi jibu ni chokaa na nywele tena.

## Pale unapoiacha

Narudi kwenye ile punje ya mchanga.

Sasa sema umegonga na nusu ya dari inavuma. Umepanda juu na kukuta makombo. Tumbo limeshuka, lakini halijafika milimita 25. Hakuna asbesto, maabara imesema. Desturi inasema bandua. Nami kwa muda mrefu niliona kuacha karatasi ni uvivu, kama kupaka rangi juu ya kutu. Kilichonigeuza ni kuufikiria ule uzito upya: kwa dari kama hiyo, kubandua ni kuishusha kwa awamu, bila kukusudia, kichwa chako kikiwa chini.

Machaguo yaliyobaki ni mawili. La kwanza ni kuishusha kwa makusudi, mlango umezibwa kwa nailoni, barakoa ya kuzuia vumbi ya daraja la FFP3 usoni, na mifuko midogo ya kutosha nusu tani ya lipu pamoja na masizi ya miaka mia. Kama tumbo limezidi, hakuna hoja, ni hilo.

La pili ni kuiacha karatasi ilipo na kupandisha bodi za jipsamu za milimita 9.5 moja kwa moja juu yake. Uzito unaoongezeka ni kama kilo 6 na nusu kwa mita ya mraba, lakini ndimi hazibebi chochote. Boriti ndizo zinazobeba, na lipu ya zamani inabanwa katikati. Hapa kosa ni moja tu na hufanywa kila siku: skrubu fupi. Hesabu: bodi 9.5, lipu 20 hadi 25, fito 6 hadi 8, na ndani ya boriti angalau 25. Hiyo ni skrubu ya milimita 70 au 75, wala si ile ya 38 iliyokuja na bodi. Ya 38 inaishia kwenye fito, na sasa umetundika dari mbili kwenye misumari midogo ya miaka mia.

Tafuta boriti kabla ya bodi kupanda. Toboa kwa msumari mwembamba kila baada ya sentimita 2 hadi upate mbao ngumu pande zote mbili, kisha piga mstari wa chaki ukuta hadi ukuta, na uendeleze alama ukutani ili ujue boriti ilipo bodi ikishafunika. Skrubu kila sentimita 15 hadi 23, viungo vya bodi vipishane, utepe, lipu laini.

Kabla bodi ya kwanza haijapanda, chukua kalamu nene uandike juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, mahali ambapo lipu imeachia na mwaka ulioifunika. Atakayekuja kufungua bodi hizo baada ya miaka 50 atakuwa amesimama hapohapo, na skrepa mkononi.